Nani Alilipia Picha ya Simba

Majirani zangu wa Mtaa wa Narung'ombe bado wananiita Mwalimu, ingawa nimeacha kufundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kule Mlimani, na sasa napiga picha za wanyamapori. Mzee mmoja muuza vitenge hunitania kwamba nimeshushwa cheo mpaka Kariakoo. Namjibu kuwa chuo chenyewe kilizaliwa huku: Oktoba 1961 kilianza Mtaa wa Lumumba, ndani ya jengo la TANU, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria; Mlimani kilihamia 1964. Hucheka, kisha huuliza: "Haya Mwalimu, na huyo simba anakulipa?"

Swali zuri kuliko mengi niliyosikia kwenye semina, na linawafaa hata waliotutangulia. Carl Georg Schillings, Mjerumani aliyepiga picha wanyama wa nchi hii usiku, alikuwa mwindaji mwenye mali zake. Alifunga chambo, akatega kamera kwa uzi. Mnyama akigusa, unga wa magnesiamu unalipuka na picha imepatikana. Kitabu chake kilitoka Leipzig mwaka 1905. Nyuma yake kulikuwa na msururu wa wapagazi, na bunduki, maana aliowapiga picha na aliowapiga risasi hawakuwa mbalimbali sana.

Bernhard Grzimek alikuwa mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Alikuja na mwanawe Michael kuhesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia. Michael alifariki ndege ilipoanguka Januari 1959. Filamu waliyopiga huko ikapata Oscar mwaka uliofuata. Mpiga picha Hugo van Lawick, aliyefia hapa Dar es Salaam mwaka 2002, alifika Gombe 1962 akiwa ametumwa na National Geographic. Kila mmoja alikuwa na mkono uliomshika.

Mohamed Amin hakuwa nao. Alizaliwa Nairobi, akakulia mjini hapa, akaanza na kamera ya kiboksi angali mwanafunzi. Kampuni yake, Camerapix, aliifungua Dar es Salaam mwaka 1963, na kilichomlisha kilikuwa habari: mwaka uliofuata alikuwa Zanzibar kwenye Mapinduzi. Vitabu vya mbuga na wanyama vilikuja baadaye, kampuni ikiwa Nairobi na imeshasimama. Wenzangu hutaja akina Grzimek. Mimi naona somo la kazi hii liko kwa huyu kijana wa mjini, aliyetafuta kwanza cha kuuza.

Mimi nauza picha za pasipoti na harusi. Shaabani ndiyo mavuno, kila mtu anataka kuoa kabla ya mwezi kuandama, na pesa hiyo ndiyo nauli ya Mikumi, kiingilio na gari la kukodi. Ramadhani harusi hakuna, na mbugani siendi. Lenzi ndefu ninayoitaka imesubiri tena mwaka huu. Mwenye fremu ya duka langu kapandisha kodi.