Saa Inayochelewa Haijafa



Mwezi uliopita nilitoka Kivukoni kwa miguu, nikapita Mnara wa Saa, ule uliojengwa mwaka 1961 kuadhimisha Dar es Salaam kupewa hadhi ya jiji, nikashika Mtaa wa Uhuru hadi Kariakoo kumjulia hali mzee mmoja ninayemheshimu. Nilimkuta ameketi barazani, na mbele yake, juu ya mkeka, imelazwa saa kubwa ya ukutani yenye sanduku la mbao. Ni saa ya pendulo, yaani ile yenye kijiti kirefu na kisahani cha shaba chini yake, kinachoyumba kulia na kushoto.

Baada ya shikamoo na marahaba, akanieleza. Saa ile aliileta marehemu binti yake aliporudi kutoka Ujerumani. Huko ilikuwa haikosei hata dakika. Hapa, tangu ilipotundikwa, kila siku ilichelewa dakika mbili. Kwa juma moja ni karibu robo saa. Fundi mmoja alishauri matumbo yake yote yatolewe, itiwe mashine ndogo ya betri. Mjukuu wake alikuwa amekwisha kukubali.

"Babu, saa yenyewe imekufa," alisema kijana.

Mzee akamjibu kwa upole: "Mjukuu wangu, iliyokufa haichelewi. Hii inatembea."

Wasikilizaji wangu, leo nataka kuonyesha kwamba mzee yule alisema kweli, na kwamba ugonjwa wa saa ile ulikwisha kujulikana miaka zaidi ya 300 iliyopita.

Saa ya pendulo ilibuniwa na Mholanzi Christiaan Huygens mwaka 1656. Kabla ya hapo saa za mitambo zilikosea kwa dakika nyingi kila siku. Pendulo iliponya tatizo hilo, kwa sababu mwendo wake hufuata urefu wake: pendulo fupi huyumba upesi, ndefu huyumba polepole. Wataalamu wa Ulaya walifurahi, wakadhani wamepata kipimo cha muda kisichobadilika popote duniani.

Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alitumwa Cayenne, huko Amerika ya Kusini, kutazama nyota. Alichukua saa iliyorekebishwa barabara mjini Paris. Alipofika Cayenne, saa ile ile ikawa inachelewa zaidi ya dakika mbili kwa siku. Akapima tena na tena kwa miezi mingi. Dawa ikawa kuifupisha pendulo yake ya karibu mita moja kwa kiasi cha milimita tatu hivi. Aliporudi Paris, wapo wakubwa wa elimu ya nyota waliodhani kwamba amekosea vipimo, au kwamba ni joto tu lililorefusha chuma.

La hasha! Richer hakukosea. Mwaka 1687 Mwingereza Isaac Newton alieleza sababu. Dunia haikuviringana kikamilifu, bali imetuna kidogo kiunoni, kwenye ikweta. Tena huzunguka, na hapo kiunoni mzunguko ndio wenye kasi zaidi. Kwa sababu hizo mbili, huku kwetu mvuto wa dunia ni dhaifu kidogo kuliko kaskazini, na pendulo ikivutwa kidogo huyumba polepole.

Sasa tazama ramani. Cayenne iko karibu nyuzi 5 kaskazini ya ikweta. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini. Kwa hesabu ya mvuto, ni kama majirani. Kwa hiyo basi, saa iliyorekebishwa Ujerumani ikatundikwa Kariakoo itachelewa takriban dakika mbili kwa siku. Joto letu nalo huongeza sekunde chache, maana pendulo ya chuma au shaba hurefuka. Saa ya mzee haikuumia safarini. Ilikuwa bado inahesabu kwa mvuto wa Ujerumani!

Ajabu ni kwamba watu wa pwani yetu si wageni wa kuizoesha saa mazingira yao. Saa za mitambo zilipoletwa na wafanyabiashara, zilikuwa na hesabu ya kuanzia usiku wa manane na adhuhuri. Sisi huku, ambako kuchomoza kwa jua mwaka mzima hakupishani hata saa moja, tunahesabu tangu macheo. Mshale unaonyesha 7, sisi twasema saa moja. Mpaka leo abiria anayewahi pantoni pale Kivukoni hatatizwi na jambo hilo.

Kule Zanzibar, Sultani Barghash alijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883. Mnara uliokuwa mbele yake uliharibiwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyoanza saa tatu asubuhi na kwisha kabla ya saa nne. Mnara mpya wa saa ukaungwa na jumba lenyewe. Miaka ikapita, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jumba hilo ikaporomoka, mnara nao ukaanguka. Kitu kilichostahimili zaidi ya miaka 100 chaweza kutoweka kwa siku moja kikikosa matunzo. Na majumbani mwetu mambo ni hayo hayo, ila huko hakuna anayepiga picha.

Basi tulifanyaje na saa ya mzee? Kwanza tuliitundika kwenye ukuta imara, maana msumari unaocheza huiba nguvu ya pendulo. Pili tuliisikiliza. Sauti yake lazima ilingane, tik na tak, kama hatua za mtu mzima wa miguu. Ikichechemea, sogeza chini ya sanduku kidogo kushoto au kulia mpaka hatua zilingane. Saa nyingi zinazosimama zenyewe hazina ugonjwa mwingine ila huo, au mishale inagusana, au pendulo inakwaruza sanduku.

Tatu, tukaigeukia nati ndogo iliyo chini ya kisahani. Ukiipandisha, pendulo hufupika na saa huongeza mwendo. Ukiishusha, saa hupunguza. Kwa pendulo ya sentimita 25 kama ile, kufidia dakika mbili kwa siku hakuhitaji hata milimita moja. Ndiyo maana nilimwambia kijana azungushe kidogo tu, asubiri siku nzima, kisha alinganishe na taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Haraka haraka haina baraka.

Yako pia makatazo. Usiipake saa mafuta ya nazi wala ya kupikia, kwani huganda na kukamata vumbi. Mafuta ya saa hutiwa tone moja moja kwenye vitundu vya ekseli, na meno ya magurudumu huachwa makavu. Upepo wa bahari yetu una chumvi, kwa hiyo funga mlango wa sanduku daima. Jaza ufunguo siku ile ile kila juma. Na usifungue mashine yenyewe kama kamani bado imejaa, maana ikifyatuka yaweza kukata vidole. Hiyo ni kazi ya fundi saa wa kweli. Nao wazee hao wanazidi kupungua, kwa hiyo vijana na wakakae nao wangali hai.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Sisemi saa za betri ni mbaya. Ninayo moja jikoni. Ninachosema ni kwamba kabla hatujakitupa kitu kwa kuwa hakiendi sawa, tujiulize kwanza kama kimeharibika, au hakijarekebishwa kufuata mahali kilipo.

Juzi mzee alinipigia simu. Sasa saa haipotezi hata nusu dakika kwa juma, na anayeijaza ufunguo kila Ijumaa ni yule mjukuu. "Nikiisikia usiku," aliniambia mzee, "najua nyumba haiko peke yake."

Tukutane tena wiki ijayo, saa ile ile.