The Number 23: Filamu iliyokosa taharuki
The Number 23 ni filamu ya Kimarekani ya mwaka 2007, iliyoongozwa na Joel Schumacher. Jim Carrey, aliyezoeleka zaidi katika vichekesho, anaigiza kama Walter Sparrow, mkamata mbwa ambaye mkewe, Agatha (Virginia Madsen), anampatia riwaya inayofanana mno na maisha yake. Tangu hapo Sparrow huiona namba 23 kila mahali: katika majina, tarehe, hata rangi. Kasoro ya filamu inaanzia papo hapo. Namba zikijumlishwa na kugawanywa kiholela, 23 haikosi kupatikana. 2 kugawanya kwa 3 nako, eti, huzaa namba ya shetani. Mtazamaji haoni cha kuogopa. Inapobainika kuwa mtunzi wa riwaya ni Sparrow mwenyewe, muuaji aliyepoteza kumbukumbu, yanafuata maelezo marefu, ilhali taharuki imekwisha zamani.