Penseli ya Babu

Fundi alichukua chaki, akachora mstari kwenye bega la gitaa la babu yangu, pale karibu na shingo, kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa kulijibu.

"Tukate mviringo ama tukate ncha?"

Tulikuwa Wote, Makueni, kwenye karakana ya seremala anayetengeneza vitanda na viti, na magitaa akipata nafasi. Mimi na binamu yangu tulikuwa tumetoka Ikutha alfajiri hiyo, kule Kitui Kusini, gitaa likiwa limefungwa shuka na kulazwa mapajani mwangu. Matatu ya kwanza ilituvusha Mto Athi hadi Kibwezi, nyingine hadi Emali, nyingine tena hadi Wote. Binamu anapiga solo katika bendi ya benga. Alitaka gitaa la mzee lirudi kazini, lakini kila akipanda juu ya shingo, mkono unagonga mwili wa gitaa na kukwama. "Bila mkato hii ni pambo la ukuta," alisema njia nzima. Susu alikuwa ametukabidhi kwa sharti moja tu: msiiharibu.

Na sasa chaki ilikuwa tayari juu ya mbao. Nikamwomba fundi anipe wiki mbili.

Kama hujawahi kushika gitaa, wacha nikueleze. Gitaa la tumbo wazi, lile tunaloita la boksi, lina mabega mawili, moja kila upande wa shingo. Bega la chini, lililo upande wa nyuzi nyembamba, ndilo linalozuia mkono kufika kwenye sauti za juu. Ukilikata kidogo, mkono unapita. Mkato wenyewe una sura mbili zinazojulikana. Wa mviringo huitwa wa Venice: ubavu unaingia ndani halafu unatoka kwa pembe laini, kama ukingo wa kibuyu. Wa ncha huitwa wa Florence, na pembe yake ni kali kama ya mbuzi. Usihangaike kutafuta Italia humo ndani. Ni majina tu yaliyozoeleka katika biashara ya magitaa.

Nilidhani nitakuta sababu nzito ya sauti. Sikuikuta. Nilichokuta ni hadithi ya pesa na mitindo. Gibson wa Marekani walipotoa gitaa lao la umeme la ES-150 mwaka 1936, lile ambalo Charlie Christian alilipigia jazz hadi watu wakaanza kulichukulia gitaa kama chombo cha kuongoza, halikuwa na mkato wowote. Mwaka 1939 wakaanza kuuza L-5 na Super 400 zenye mkato wa mviringo. Hayo yalikuwa magitaa ya watu wenye pesa, uso wake umechongwa kutoka mbao nzima. Mwaka 1949 ikaja ES-175, ya bei nafuu zaidi, mwili wake wa mbao za tabaka zilizogandishwa na kubonyezwa, na pembe yake ya ncha. Kwa hiyo mviringo ni wa tajiri na ncha ni ya hasla? Ungedhani hivyo, hadi ufike 1960, pale L-5 ya umeme yenyewe ilipogeuzwa kuwa ya ncha. Ilikaa hivyo karibu muongo mzima, kisha ikarudi mviringo.

Kwa fundi tofauti ipo, na yeye ndiye aliyenieleza nilipompigia simu. Ukitaka mviringo, ubao wa ubavu unapinda mara mbili, nje halafu ndani, na kona ile ndogo ndiyo hupasua mbao. Lazima uwe na bomba la moto, maji, na subira. Ukitaka ncha, unatumia vipande viwili vinavyokutana kwenye pembe, na ndani unaweka kigogo cha kuvishikilia. Haupindi sana, ila ile kona isipokaa sawa, kila mtu ataona. "Mimi ni mtu wa vitanda," akaniambia. "Kuunganisha kona najua. Kupinda, naweza kukuvunjia."

Hiyo ilikuwa sababu ya kwanza ya maana niliyoisikia. Haikuhusu muziki hata kidogo.

Lakini mimi nilikuwa na swali jingine: kwa nini babu hakuwahi kuuhitaji mkato huo? Alilipiga gitaa lile miaka mingi, kwenye harusi na chini ya miti ya soko, na sijawahi kusikia kwamba alilalamika.

Jibu lilikuwa kwenye shingo. Nililifungua lile shuka nikalitazama gitaa kwenye mwanga wa dirisha. Freti tano za kwanza zimelika hadi zina mabonde chini ya kila uzi. Kutoka ya saba kwenda juu, ni kama gitaa jipya. Na nyuma ya shingo kuna michubuko miwili, mmoja karibu na freti ya pili, mwingine ya nne. Nilimuuliza Susu kwa simu. Akacheka.

"Hiyo ni penseli, mwana wakwa. Alikuwa anaifunga na mpira wa tyubu."

Basi mambo yakanyooka. Babu alikuwa mtu wa gitaa kavu, upigaji ule wa vidole viwili, gumba likishika besi na kidole cha shahada kikisokota wimbo. Ulienea kote huku baada ya Vita Vikuu vya Pili, na Wakamba, waliokuwa wengi katika jeshi la KAR, walirudi nyumbani wakiwa wameona na kusikia mengi. Fundi Konde wa Pwani, ambaye naye alikuwa Burma wakati wa vita, anatajwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kushika gitaa la umeme. Kutoka Katanga ikaja sauti ya Mwenda Jean Bosco, aliyerekodiwa na Hugh Tracey kule Jadotville mwaka 1952, na baadaye akaja kupiga hapa Nairobi. Magharibi mwa Kenya kulikuwa na George Mukabi. Muziki huu wote unaishi chini ya shingo. Sauti ya mwimbaji ikiwa juu kuliko gitaa, hupandi. Unafunga penseli juu ya nyuzi na kuhamisha wimbo mzima. Mtu wa penseli anataka mkato wa nini?

(Kwa wale wanaoyadharau magitaa ya aina hii: gitaa la kwanza la John Lennon lilikuwa Gallotone Champion, boksi dogo la bei rahisi lililotengenezwa Afrika Kusini. Nalo halikuwa na mkato.)

Haja ya kupanda juu ililetwa na benga. Walioianzisha kando ya Ziwa Victoria walihamishia kwenye gitaa mwendo wa nyatiti, na solo ikawa inajibizana na mwimbaji. Muziki huo ulipofika Ukambani ukapata wenyewe. Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers waliutawala kuanzia miaka ya 1970 hadi alipofariki 1987, akiimba Kikamba na Kiswahili pia, kwa hiyo hata mtu asiyejua neno moja la Kikamba alicheza. Halafu kulikuwa na Kalambya Sisters, waliotikisa nchi na Katelina. Sikiliza rekodi yoyote ya wakati ule, ile sehemu ambapo waimbaji wananyamaza: gitaa linapanda, linakuwa jembamba, linakimbia. Pale huwezi kufika ukiwa na bega zima la boksi mbele ya mkono.

Ila kitu kile kile kilicholeta haja ya mkato, yaani umeme, ndicho kilichoondoa boksi jukwaani. Tumbo wazi likikaa karibu na spika yenye nguvu huanza kulia lenyewe, ule mlio unaofanya watu wazibe masikio. Bendi ikiongeza sauti, gitaa linatetema, spika inaipokea sauti hiyo na kuirudisha, na kelele haikomi. Gitaa la mbao ngumu, lisilo na tumbo, halina shida hiyo kwa kiwango kile, na mikato yake huwa miwili, iliyochongwa tu kwa msumeno. Ninavyousoma mimi mfululizo huu, gitaa la tumbo wazi lenye mkato lilipata nafasi nyembamba sana kwetu: gitaa kavu halikulihitaji na benga yenye spika kubwa haikulivumilia. Binamu alikuwa anataka tumtengenezee babu gitaa ambalo babu hangelipiga, na ambalo yeye mwenyewe angelichoka siku ya kwanza jukwaani.

Nilimwambia hivyo. Alikasirika. Alisema naongea kama mtu wa makumbusho, na kwamba mzee hakununua gitaa ili wajukuu watazame freti zilizolika. Hapo alinishika, kwa kweli. Gitaa lisilopigwa linakufa pia, polepole.

Tulirudi Wote wote wawili. Fundi aliingiza kioo kidogo na tochi kupitia tundu la sauti, akatuonyesha. Kuna ubao mwembamba unaokatiza chini ya uso, kutoka bega hadi bega. Mkato wowote, mviringo ama ncha, ungekata mwisho wa ubao huo, na nyuzi za chuma zinavuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 60. "Halafu," akasema, akimshika binamu mkono na kuuweka nyuma ya shingo, "si bega peke yake linalokuzuia. Sikia hapa." Gumba lilikuwa limegonga kisigino, kile kigogo kinachounganisha shingo na mwili. Kwenye gitaa hili shingo inakutana na mwili kwenye freti ya 12. Ukikata bega na kuacha kisigino, utapata freti mbili, labda tatu.

Binamu alikaa kimya. Kisha akauliza jipya lingekuwa pesa ngapi.

Fundi ana mbao za mukau, mti wetu huu unaovumilia ukame, alizokausha chini ya mabati kwa miaka minne. Hajawahi kuzipinda, ila anajua zinavyounganika. Shingo itakutana na mwili kwenye freti ya 14, kisigino kitapunguzwa, tumbo litakuwa jembamba lisilie sana mbele ya spika. Mkato utakuwa wa ncha, kwa sababu fundi wetu ni mtu wa vitanda.

Nilitoa nusu ya pesa. Binamu akachukua kitambaa, akafuta ile chaki kwenye bega la gitaa la babu, akalifunga shuka. Njiani, tulipokuwa tukingoja gari Emali, aliingia duka la vitabu vya shule akatoka na penseli moja.