Mpini wa Bastola Ndogo

Mpini wa bastola ni ile sehemu ya silaha ambayo mkono huikamata, nayo katika bastola ndogo, yaani ile iliyokusudiwa kuchukuliwa mwilini chini ya nguo bila kuonekana, ndiyo yenye kuamua, kuliko mtutu na kuliko ukubwa wa risasi, kama silaha hiyo itamtii mwenye kuichukua au itamwasi. Jambo hili lilichelewa kufahamika. Kwa muda wa karibu karne nzima mafundi wa Ulaya na Marekani walishindana kupunguza urefu, upana na uzito wa bastola, wakauacha mkono wa mwanadamu ujitafutie nafasi juu ya kile kilichobaki. Na tarehe ya bastola ndogo, ikisomwa kwa makini, ni tarehe ya namna mkono ulivyodai haki yake kidogo kidogo mpaka ukasikilizwa.

Ili kuyaelewa madai hayo yafaa kwanza kuutazama mkono wenyewe unavyofanya kazi. Panda iliyo kati ya kidole gumba na kidole cha shahada huingia juu kabisa nyuma ya mpini. Vidole vitatu, cha kati, cha pete na cha mwisho, huuzunguka kwa mbele na kuukaza kiganjani. Na kidole cha shahada, ambacho sharti kiwe huru na kisishiriki katika kubana, hunyooka ubavuni mwa silaha mpaka wakati wa kufyatua utakapowadia. Risasi itokapo, nguvu iliyo sawa na ile iisukumayo mbele huirudisha silaha nyuma, kwa kanuni ya mwendo aliyoiandika Isaac Newton mwaka 1687. Na kwa kuwa mtutu umekaa juu ya mkono wala hauko usawa mmoja nao, teke hilo halirudi nyuma tu, bali huuinua mdomo wa bastola. Kadiri mtutu ulivyo juu ya kiganja ndivyo mdomo unavyoinuka zaidi, na kadiri silaha ilivyo nyepesi ndivyo teke lilivyo kali. Hapa ndipo ilipo taabu ya bastola ndogo, kwamba wepesi wake umelizidisha teke, ilhali ufupi wa mpini wake umempunguzia mshikaji mahali pa kulizuilia. Kwa hiyo dhana iliyoenea, kwamba mtu mgeni wa silaha, au mwanamke mwenye mkono mdogo, apewe bastola ndogo kupita zote ili ajifunzie, ni dhana potofu; silaha ya kujifunzia ni ile ijazayo kiganja na yenye uzito wa kutosha kulimeza teke.

Tena ziko bastola za kujipakia, ambazo leo ndizo nyingi, na hizi hulitumia teke lile lile kuendesha mtambo wake: kipande cha juu cha chuma hurudi nyuma, hutupa ganda tupu, kisha husukumwa mbele na kamani na kupakia risasi nyingine kutoka katika magazini iliyomo ndani ya mpini. Kazi hii yataka kiunzi cha silaha kitulie mkononi. Mshikaji akiwa na kifundo legevu, au mpini ukiwa mfupi hata asiweze kuubana, kiunzi hurudi pamoja na kile kipande cha juu, mtambo haukamilishi mwendo wake, na silaha hukwama. Watu wengi wameilaumu bastola kwa hitilafu hii ambayo asili yake ni mpini usioafikiana na mkono.

Katika karne ya 19 jina lililovuma katika silaha za mfukoni lilikuwa la Henry Deringer wa Philadelphia, ambaye bastola zake za risasi moja, zenye mpini mdogo uliopinda kama mdomo wa ndege, zilitoshea katika kiganja kimoja. Kwa bastola ya namna hiyo John Wilkes Booth alimpiga rais Abraham Lincoln tarehe 14 Aprili 1865, naye alimsogelea mpaka nyuma ya kiti chake. Mpini ule haukuhitaji kuwa zaidi ya mahali pa kushikia, kwa maana silaha yenyewe haikukusudiwa shabaha ya mbali wala risasi ya pili. Mipini ya zama hizo ilichongwa kwa mti wa jozi, kwa mpira mgumu, na kwa matajiri kwa pembe za ndovu, bidhaa ambayo Unguja ilikuwa soko lake kubwa na ambayo majahazi na merikebu ziliipeleka hata Marekani. Nakshi zake zilikuwa za kupendeza mno, lakini ni mapambo zaidi kuliko manufaa, kwani pembe iliyosuguliwa huteleza katika kiganja chenye jasho.

Aliyeigeuza bastola ya mfukoni kuwa silaha ya kutegemewa alikuwa John Moses Browning, mwana wa fundi wa bunduki, aliyezaliwa Ogden, Utah, mwaka 1855 na kufariki mwaka 1926 huko Ubelgiji akiwa kazini katika kiwanda cha FN. Alibuni bastola za kujipakia zilizo bapa, zenye magazini ndani ya mpini, na umbo hilo lingali linatawala hata leo. Ile ndogo ya milimita 6.35, iliyokusudiwa mfuko wa kizibao, ilikuwa na urefu wa takriban milimita 114; mpini wake uliwatosha watu wengi kwa vidole viwili tu, na kidole cha mwisho kilining'inia hewani. Iliyofuata mwaka 1910 ilikuwa na mpini wa kutosha zaidi na haikuwa na kitu chochote cha kukwama katika nguo, na ni bastola ya aina hiyo aliyokuwa nayo Gavrilo Princip alipomuua mrithi wa kiti cha Austria mjini Sarajevo tarehe 28 Juni 1914.

Lakini funzo kubwa kuhusu mpini halikutoka katika bastola ndogo, bali katika kubwa. Jeshi la Marekani liliikubali bastola ya Browning ya risasi nzito ya .45 mwaka 1911, likaenda nayo katika Vita Kuu ya Kwanza, na askari waliporudi walirudi na malalamiko: kifyatuo kilikuwa mbali na vidole vyao, nyundo iliwabana ngozi ya panda ya mkono, na bastola ikinyanyuliwa haraka mdomo wake ulielekea chini ya shabaha. Badala ya kuwaambia askari wajizoeze, wakubwa wa jeshi waliamuru silaha irekebishwe, na toleo lililopewa jina la M1911A1 mwaka 1926 lilikuja na kifyatuo kifupi, na kiunzi kilichokwanguliwa nyuma ya kifyatuo ili kidole kipate njia, na mgongo wa mpini uliotuna ili uujaze utupu wa kiganja, na mkia mrefu zaidi wa kuikinga ngozi na nyundo. Mtutu na risasi havikubadilishwa. Kwa maoni yetu marekebisho hayo, ambayo vitabu vingi huyapita kwa sentensi moja, ndiyo mwanzo wa elimu ya mpini, kwa sababu hapo kwanza taasisi kubwa ilikiri bayana kwamba silaha njema katika mkono usiowiana nayo ni kama jembe lililotiwa mpini kwa kipimo cha mtu mwingine.

Wajerumani nao walilitazama jambo hili kwa jicho lao. Kampuni ya Carl Walther ya Zella-Mehlis ilitoa bastola ya PP mwaka 1929, na muda mfupi baadaye ndugu yake mdogo, PPK, ambaye mpini wake ulifupishwa ili afichike vizuri zaidi, na ambaye Ian Fleming alimfanya mashuhuri alipompa jasusi wake James Bond katika riwaya ya mwaka 1958. Umaarufu huo haukuondoa kasoro yake: mwenye mkono mnene akiishika juu sana, kile kipande cha chuma kirudipo nyuma humkwaruza ngozi ya panda. Ilitukia kwamba sheria ya Marekani ya mwaka 1968 juu ya silaha zinazoingizwa kutoka nje ilitaka bastola iwe na kimo kisichopungua inchi 4, na PPK ilipungukiwa kidogo tu. Walther wakachukua kiunzi kirefu cha PP na kukivika mtutu na sehemu ya juu ya PPK, wakaiita PPK/S. Hivyo sheria iliyotungwa kwa madhumuni mengine kabisa iliwapa wanunuzi mpini mrefu zaidi, na wengi waliona afadhali huo.

Kulikuwa na swali jingine, nalo ni unene. Bastola ya FN ya mwaka 1935, ambayo Dieudonné Saive aliikamilisha baada ya kufa kwa Browning, ilipanga risasi 13 kwa safu mbili, na ajabu yake ni kwamba mpini wake haukuwa gogo, bali ulikaa mkononi kwa raha. Wacheki walifuata njia hiyo hiyo katika CZ 75, kazi ya František Koucký, ambayo mgongo wa mpini wake umepindwa kwa ustadi hata panda ya mkono inaingia mahali pake pasipo kutafuta. Matoleo yaliyofupishwa ya bastola hiyo ni miongoni mwa yale ambayo watu wa mikono ya namna nyingi huyasifu, na katika Kenya jina la Ceska limezoeleka magazetini kwa kuwa bastola za Kicheki huchukuliwa na polisi. Dosari ya CZ 75 ni mvuto wa kwanza wa kifyatuo, ambao ni mrefu na huvifanya vidole vifupi vihangaike.

Mpaka katikati ya karne ya 20 bastola ilidhaniwa kuwa silaha ya mkono mmoja. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Jack Weaver, naibu sherifu wa Los Angeles, alishinda katika mashindano ya California kwa kuikamata kwa mikono miwili, mmoja ukisukuma na mwingine ukivuta, na mtindo huo ukaenea katika vikosi vya polisi na majeshi. Tangu hapo mpini ukadaiwa zaidi: haitoshi mkono wa kulia upate mahali, sharti ubaki ubavu wa kutosha ili kiganja cha kushoto nacho kiguse silaha.

Mwaka 1982 jeshi la Austria liliichagua bastola ya Gaston Glock, yenye kiunzi cha plastiki ngumu, na mwaka 1988 ikafuata Glock 19 iliyopunguzwa urefu na kimo lakini ikabaki na nafasi ya vidole vyote vitatu katika mikono mingi na risasi 15. Plastiki iliwapa mafundi uhuru wa kuumba mpini walivyotaka, nao mara ya kwanza waliutumia vibaya. Mifereji ya vidole iliyochorwa mbele ya mpini wa Glock katika toleo la tatu ilimfaa yule tu ambaye vidole vyake vililingana na vya aliyeichora. Wengine walikuta matuta yakiwachoma katikati ya kidole, na katika toleo la tano, la mwaka 2017, mifereji ikafutwa. Dawa yenye akili zaidi ilikuwa imekwisha kuonyeshwa na Walther katika P99 mwishoni mwa miaka ya 1990, yaani mgongo wa mpini wenye kubadilishwa, mkubwa, wa wastani au mdogo, kwa kufuata mkono wa mwenyewe. Heckler & Koch waliongeza vipande vya ubavuni katika P30, na Glock wenyewe waliifuata njia hiyo mwaka 2010.

Hata hivyo upo mgogoro ambao hakuna fundi aliyeumaliza, nao ni kwamba sehemu ngumu kupita zote kuificha si mtutu, ambao hulala ndani ya ala kando ya paja, bali ni mpini, ambao kisigino chake hutokeza nyuma na kulitunisha shati. Kila milimita inayoongezwa kwa ajili ya kidole cha mwisho yaifichua silaha, na kila milimita inayopunguzwa yauibia mkono nguvu. SIG Sauer walikaribia suluhu mwaka 2018 kwa P365, ambayo hupanga risasi 10 katika mpini wenye unene wa kiasi cha inchi moja. Lakini wembamba nao si rehema kwa kila mtu, kwa maana mkono mkubwa hauna cha kukumbatia, na kidole cha shahada hupita kifyatuo na kukivuta kwa kiungo badala ya kwa ncha.

Kipimo cha kweli hupatikana kwa mkono wenyewe. Silaha ikiwa tupu, na utupu wake umehakikishwa na mwenye duka lililosajiliwa na kisha na mnunuzi, panda ya mkono iingizwe juu kabisa, mtutu uwe mstari mmoja na mfupa wa kigasha, na hapo nyama ya ncha ya kidole cha shahada ifike katikati ya kifyatuo bila kuuzungusha mkono. Ikiwa mkono hulazimika kuzunguka ili kukifikia, mpini ni mnene mno, na risasi zitakwenda kando daima. Kisha mtu afumbe macho, aielekeze bastola mbele mahali palipo salama, na ayafumbue: akikuta mdomo u juu au chini ya alipokusudia, mwinamo wa mpini hauafiki kifundo chake. Mwisho apige risasi nyingi katika uwanja wa shabaha chini ya mwalimu, kwa kuwa makwaruzo ya mpini mbovu hayaonekani dukani.

Katika Tanzania mambo haya yote yako chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, katika Kenya chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na nchi za eneo letu zimefungwa pamoja na Itifaki ya Nairobi juu ya silaha ndogo ya mwaka 2004. Kwa hiyo msomaji ambaye kazi yake au hatari iliyomzunguka yamlazimu kuwa na bastola na aanze kwa leseni, afuatishe mafunzo, ndipo aupime mpini. Na silaha ikiwa nyumbani ikae tupu ndani ya kasha lenye kufuli, risasi zake mahali pengine, na ufunguo mbali na mikono ya watoto.