Posho, bukari na ada ya shule: hesabu ya nyumbani Lubumbashi

Safari hii nimeletwa na kicheko cha darasani. Miaka kadhaa iliyopita, katika kipindi cha mazungumzo, mwanafunzi mmoja kutoka Kampala aliulizwa amekula nini mchana. Akajibu bila wasiwasi: "Nimekula posho na maharage." Wenzake wa Dar es Salaam wakaangua kicheko. Kwao posho ni fedha za kikao au za safari ya kikazi, na mtu anayekula posho na maharage ni kama anayetafuna noti. Yule Mganda akashikilia kwamba posho ni chakula, kinapikwa kwa unga wa mahindi, na amekila tangu shule ya msingi hadi anaondoka bweni.

Aliyekata ubishi alikuwa mwanafunzi wa makamo kutoka Lubumbashi. Alisema polepole, kwa Kiswahili cha kwao, kwamba posho "ilikuwaka inatoka ku kazi", na baba yake alipoacha kuileta nyumbani, yeye aliacha shule. Hakuna aliyecheka tena.

Wote watatu walikuwa sahihi. Katika karne ya 19, mpagazi aliyebeba mzigo kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji alipewa posho, yaani chakula chake cha njiani: nafaka iliyopimwa kwa kibaba, au kitambaa na shanga za kununulia chakula vijijini. Utawala wa kikoloni ulipokuja na mashamba makubwa, barabara na reli, mwajiri aliendelea na desturi hiyo ya kumlisha mfanyakazi kwa kipimo. Kilichopimwa mara nyingi kilikuwa unga wa mahindi, na huko Uganda jina la mgao likaishia kuwa jina la ugali wenyewe. Tanzania mgao uligeuka fedha, jina likabaki. Kilingala nacho kina neno poso, maana yake wiki, maana mgao ulihesabiwa kwa wiki. Lakini mahali ambapo neno hili lilibeba maisha mazima ya familia, kuanzia jiko hadi dawati la shule, ni Katanga.

Kiswahili hakikufika Katanga kwa bahati. Msiri, mfanyabiashara kutoka Unyamwezi, alijenga dola yake huko Bunkeya katika nusu ya pili ya karne ya 19, na misafara ya shaba na pembe ilipita kwake mpaka alipouawa na watu wa Mfalme Leopold mwezi Desemba 1891. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli kutoka Rhodesia ilifika, mji wa Elisabethville (Lubumbashi ya leo) ukaanza, na mwaka uliofuata shaba ya kwanza ikayeyushwa. Wabelgiji hawakupenda wafanyakazi wao wazoee lugha za kazi zilizotoka kusini, kwenye himaya ya Waingereza. Kiswahili kikachukuliwa kuwa lugha ya migodi. Wenzetu wanaokidharau Kiswahili cha Lubumbashi kwamba kimeharibika wangefaa kukumbuka kwamba ni lugha iliyokomaa kazini, miongoni mwa watu waliotoka pande nyingi bila lugha moja ya kuwaunganisha.

Mwanzoni kampuni ilitaka wanaume peke yao. Walikuja kwa mikataba mifupi, wakaishi kambini, wengi wakaugua, wengi wakafa, wengine wakatoroka. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili mpango. Hesabu yake haikuwa ngumu: kumtafuta mtu mpya mbali, hata Rwanda na Burundi, kila mara mkataba unapokwisha kuligharimu sana. Mtu mwenye mke na watoto hukaa. Na watoto wake, wakizaliwa katika hospitali ya kampuni na kusoma katika shule ya kampuni, ndio wafanyakazi wa kesho. Kwa hiyo mikataba ya miaka mitatu ikaanza, wake wakakaribishwa, na posho ikatolewa kwa mume, mke na kila mtoto.

Ndani ya mgao huo mlikuwa na unga wa mahindi, mafuta ya mawese, karanga, maharage, chumvi, samaki au nyama. Watu ambao nyumbani kwao walizoea uwele, mtama au muhogo walijifunza kula bukari ya mahindi, na leo hakuna mtu wa Lubumbashi anayeona kwamba ameshiba bila bukari, iwe na sombe (sisi tunasema kisamvu) au dagaa. Mapishi ya mji mzima yalitokana na ghala ya kampuni. Akina mama walipeleka watoto kupimwa uzito kliniki. Wavulana walisomeshwa na wamisionari Wakatoliki masomo na ufundi, wasichana wakafundishwa kushona na kupika. Nyumba ilikuwa ya kampuni. Watu walisema kampuni ni baba na ni mama, na hawakuwa wakitania.

Nadhani hapa ndipo penye kiini cha historia hii. Familia ya mchimbaji haikuwa na bajeti. Bajeti yake ilipangwa ofisini na mtu mwingine. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini ulikuwa wa nguo, baiskeli, bia na zawadi kwa wakwe, kwa sababu chakula, paa, daktari na mwalimu vilikuwa vimeshatolewa. Ukarimu huo ulikuwa na kamba shingoni: aliyefukuzwa kazi alipoteza vyote kwa siku moja, na nyumba ilibidi aiache. Isitoshe, mshahara ulipozidiwa na bei, hapakuwa na pa kuongezea. Wakati wa vita ya pili ya dunia bei zilipanda, wafanyakazi wakagoma kudai nyongeza, na tarehe 9 Desemba 1941 askari waliwafyatulia risasi waliokusanyika katika uwanja wa mpira wa Elisabethville. Waliuawa makumi ya watu.

Baada ya uhuru serikali ya Mobutu ilitaifisha mali za Union Minière mwanzoni mwa mwaka 1967, na kampuni ya taifa iliyoirithi ikaja kuitwa Gécamines. Baba alibadilika jina tu. Unga uliendelea kutoka, shule ziliendelea, hospitali pia. Katika miaka mingi ya 1980 kampuni ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, na sehemu kubwa ya fedha za kigeni za nchi ilitoka hapo. Lakini fedha hizo zilichotwa kupelekwa Kinshasa bila mashine kukarabatiwa. Bei ya shaba ilikuwa imeanguka katikati ya miaka ya 1970, na reli ya Benguela ya kupitia Angola ilikuwa imefungwa na vita tangu 1975. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, Kolwezi, iliporomoka. Kufikia 1993 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Katika miaka hiyohiyo, 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga kwa mamia ya maelfu, miongoni mwao mafundi na walimu wengi, na familia zilikaa wiki na miezi kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi zikingoja treni.

Fedha nayo ikafa. Mwisho wa 1992 serikali ilitoa noti ya zaire milioni tano, wafanyabiashara wakaikataa. Oktoba 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani. Mwaka 1994 mfumuko wa bei ulipita asilimia 9,000. Ndugu msomaji, jaribu kupanga matumizi ya mwezi katika hali hiyo. Mshahara unaochelewa majuma matatu haununui tena kitu, na huo ni ule uliofika. Wengi walikaa miezi na miezi bila chochote.

Ndipo familia zilipojifunza bajeti, tena si ya mwezi bali ya siku. Unga ulinunuliwa kwa kopo, si kwa gunia. Mafuta kwa kikombe kidogo. Makaa kwa fungu. Mwenye kununua kidogo kidogo hulipa zaidi kwa kila kilo, jambo ambalo kila mama wa uswahilini analijua, lakini hana mtaji wa gunia. Milo mitatu ikawa mmoja, wa jioni. Kinshasa walikuwa na neno la kuchekesha na kuumiza kwa pamoja: waliita delestaji, kama mgao wa umeme, pale watoto wanapokula leo na wakubwa wakangoja kesho.

Fedha zilitoka wapi? Akina mama walianza kuuza vitumbua, mboga, munkoyo, na wengine pombe ya lutuku. Familia zilitafuta vipande vya ardhi pembezoni mwa mji na kulima mahindi wakati wa mvua, zikingoja mavuno ya Aprili na Mei. Januari na Februari ndiyo miezi ya njaa. Vijana walisukuma baiskeli zenye magunia ya makaa. Wengine walifuata unga mpakani Kasumbalesa, maana Katanga hula mahindi ya Zambia tangu enzi za Rhodesia. Majirani walianzisha likelemba, mchezo wa kuchangiana na kupokezana ambao kwetu huitwa upatu. Na juu ya yote ilikuwapo Ibara ya 15. Inasemekana ilitungwa kwa mzaha juu ya katiba ya jimbo la Kasai Kusini baada ya uhuru: raia wakiuliza watakula nini, jibu la ibara hiyo ni jitafutieni wenyewe. Wakongo wameinukuu kwa miaka zaidi ya 60 kama sheria pekee ambayo haijawahi kufutwa.

Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi amekusanya kwa miaka mingi maelezo ya familia hizi, na kitabu chake cha mwaka 2001 kinawaita Bana Shaba walioachwa na baba yao. Anaonyesha jambo ambalo takwimu za shaba haziwezi kulionyesha, kwamba posho ilipokatika, heshima ya mume nyumbani nayo ilitikisika. Mama ndiye aliyekuwa na fedha za unga. Mtoto aliyeuza mifuko ya plastiki sokoni alileta zaidi ya mshahara wa baba. Baba aliendelea kwenda kazini, ambako hakulipwa, kwa sababu kuacha kwenda kungempotezea nyumba na madai yake. Majirani waliomcheka kwa hilo walikosea, nionavyo mimi. Alikuwa analinda kitu pekee alichobaki nacho.

Shule iliumia mapema zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali iliacha kuwalipa walimu mshahara wenye maana, migomo ikafuatana, na kanisa pamoja na vyama vya wazazi wakakubaliana kwamba wazazi wenyewe wawachangie walimu. Ilikusudiwa iwe dharura. Ilidumu zaidi ya robo karne. Mzazi mwenye watoto sita alilazimika kuchagua, na mara nyingi waliosoma ni wawili au watatu kwa zamu, wavulana wakitangulizwa. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika Ibara ya 43, ilisema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure. Kwa miaka 13 Ibara ya 15 iliishinda Ibara ya 43. Septemba 2019, chini ya Rais Félix Tshisekedi, ada ya msingi ilifutwa kweli, na watoto wakafurika madarasani kuliko madawati na walimu waliokuwapo. Sekondari imebaki ya kulipia.

Mwaka 2003 Gécamines iliwaaga wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia na kuitwa kuondoka kwa hiari. Walipewa fedha za mkupuo, ambazo wengi wao walilalamika kwamba hazikufikia madai yao. Watu ambao kwa vizazi vitatu walipangiwa hata kipimo cha chumvi walikabidhiwa dola za maisha mazima kwa siku moja. Wapo waliojenga, wapo walionunua basi dogo likafa baada ya mwaka, na wengi walilipa kwanza madeni na ada.

Nirudi kwa mwanafunzi wetu. Baba yake alikuwa wa migodini, mama yake aliuza dagaa. Aliacha shule akiwa na miaka 12 na kurudi akiwa na 15. Katika insha yake ya mwisho wa muhula alieleza ilivyokuwa: mama alikuwa ameomba zamu yake ya likelemba iangukie Septemba, shule zinapofunguliwa. Alipozipokea zile fedha, alizifunga katika kitambaa, akampa mumewe azipeleke shuleni yeye mwenyewe, amevaa shati lake la kazi, ili mwalimu mkuu aandike jina la baba kwenye risiti.