Vitu vya Nyumbani na Mafundisho ya Watawa wa Kale

Ndugu wasomaji, wazee wetu husema: «Akiba haiozi.» Neno hilo ni la kweli. Mtu asiyeweka mbegu hatapanda, na mama asiyeweka unga atalala njaa pamoja na watoto wake. Lakini mimi nimeona akiba iliyooza, nami nimeitoa nje kwa mikono yangu.

Baba yangu alipofariki, tulifungua sanduku lililokuwa chini ya kitanda chake. Tulikuta mashati matatu mapya, ambayo hakuyavaa hata siku moja. Aliyaweka kwa ajili ya sikukuu fulani kubwa itakayokuja. Mende walikuwa wamekwisha kuyala. Tulikuta pia taa mbili zisizo na kioo, kufuli zisizo na funguo, chupa nyingi, vipande vya baiskeli, na jozi ya viatu vilivyokauka kama ubao. Baba hakuwa bahili. Hakuna mgeni aliyeondoka kwake na njaa. Ila hakuweza kuachana na kitu. Kila kitu alikiambia: «Kaa, siku moja utanifaa.»

Na mimi je? Nilisikitika kidogo, kisha nikalichukua sanduku lile pamoja na vyote vilivyomo, nikaliweka chini ya kitanda changu. Likakaa huko miaka minne. Kila mara mke wangu aliponiomba tupunguze vitu, nilimjibu: «Ni vitu vya baba.» Basi siku moja nilikuwa nikitayarisha mafundisho ya wakatekumeni juu ya yule tajiri mpumbavu wa Injili, aliyetaka kubomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi. Nikaona aibu. Nikarudia vitabu nilivyosoma seminarini, nijue Wakristu wa kale walishindanaje na jambo hili. Niliyoyaona ndiyo ninayotaka kuwasimulia.

Antoni alihitaji siku mbili

Mtakatifu Antoni alizaliwa Misri karibu na mwaka 251. Wazazi wake walikuwa watu wa mali. Walikufa yeye akiwa kijana wa miaka kama 18 au 20, wakamwachia dada mdogo wa kulea na shamba zuri la arura 300, yaani karibu hektari 80 kwa vipimo vyetu. Siku moja aliingia kanisani, akasikia ikisomwa Injili ya yule kijana tajiri, ambaye Bwana Yezu alimwambia auze mali yake na kuwapa maskini. Antoni aliona kama maneno yale yamesomwa kwa ajili yake tu. Akawagawia wanakijiji shamba lile, akauza vyombo vya nyumbani, na fedha akawapa maskini.

Watu wengi hukomea hapo katika kusimulia. Lakini Mtakatifu Atanasi, askofu wa Aleksandria, aliyeandika maisha yake, anaongeza jambo. Antoni hakutoa vyote siku ile. Alibakiza kidogo kwa ajili ya dada yake. Mpaka aliporudi tena kanisani, akasikia Bwana akiwakataza wanafunzi kuisumbukia kesho. Ndipo alipotoa kile kilichobaki. Dada yake hakumtupa; alimweka kwanza kwa mabikira waaminifu waliomlea vizuri.

Tuangalie vema. Hata Antoni, baba wa watawa wote, hakutoka katika mali yake kwa hatua moja. Kwanza aliacha vilivyo rahisi kuacha. Kile cha mwisho kilifungwa na hofu ya kesho, tena hofu yenye sababu nzuri, maana ilikuwa juu ya mtoto. Mungu hakumkemea. Alimsubiri, akamsemesha mara ya pili.

Antoni alifariki mwaka 356, na Atanasi anasema alikuwa na miaka 105. Mirathi yake ilikuwa nguo chache: ngozi moja ya kondoo na joho aliloliwia alimpa Atanasi, ngozi ya pili askofu Serapioni, vazi lake la manyoya aliwaachia wanafunzi wawili waliomtunza. Hakuna aliyegombana na mwenzake. Nani kati yetu hajaona ndugu wa tumbo moja wakitoana damu kwa ajili ya cherehani au mabati ya marehemu?

Basili na nguo za sandukuni

Tunatoka sasa Misri, twende Kapadokia, nchi iliyo leo katika Uturuki. Karibu na mwaka 369 mvua ilikosekana huko, njaa kubwa ikaingia. Katika mji wa Kaisaria wenye nafaka walifunga ghala zao wakingojea bei ipande. Mtakatifu Basili alikuwa bado padri. Uaskofu aliupata mwaka 370. Alisimama akahubiri juu ya tajiri yule yule wa Injili.

Hakuwaambia tu kwamba choyo ni dhambi. Aliingia nyumbani mwao kwa maneno, akafungua kabati na masanduku. Alifundisha kwamba chakula tunachokizuia ni haki ya mwenye njaa, nguo tunayoifungia ni haki ya asiye na nguo, na viatu vinavyoozea kwetu ni haki ya yule anayetembea miguu mitupu. Alitoa pia mfano wa kisima: kisima kinachotekwa kila siku huleta maji mengi na mazuri, na kisichotekwa maji yake huharibika. Na yule anayesema atatoa baada ya kujenga ghala kubwa zaidi, Basili alimwuliza atafanya nini hizo nazo zikijaa. Je, atabomoa tena na kujenga tena?

Maneno yake yalifungua ghala nyingi. Yeye mwenyewe aliwakusanya wenye njaa, akaweka mbele yao vyungu vya supu, akawahudumia kama mtumishi. Baadaye, akiwa askofu, alijenga nje ya mji nyumba kubwa za wagonjwa, maskini na wageni.

Niliposoma habari za viatu vinavyooza, nilifunga kitabu. Nilijua vilipo.

Benedikto na chumba cha nguo

Sasa huenda msomaji mmoja ataniambia: «Mwalimu, hao walikuwa watakatifu wakuu. Mimi nina watoto sita na vyumba viwili. Nifanye nini na vitu vyangu?» Swali ni la haki. Mwenye kutujibu ni Mtakatifu Benedikto, kwa sababu yeye alikuwa na nyumba ya kutunza, yenye watu wengi chini ya paa moja.

Benedikto alizaliwa Nursia, katika Italia, karibu na mwaka 480. Alijenga monasteri ya Monte Cassino karibu na mwaka 529, na huko aliandika Kanuni yake yenye sura 73. Sura ya 55 inasema juu ya nguo na viatu. Mtu akiisoma anaona kwamba Benedikto aliwajua wanadamu mpaka chini ya magodoro yao.

Kwanza aliweka kipimo. Kila mtawa awe na kanzu mbili na majoho mawili. Kwa nini mawili? Kwa sababu ya kubadili usiku na kwa sababu ya kufua. Kinachozidi hapo hakina kazi, kiondolewe. Hakusema mtawa awe na vichache kadiri awezavyo, wala hakupenda aone baridi. Aliagiza nguo zifuate hali ya hewa ya mahali. Kipimo chake ni kazi ya kitu.

Pili aliagiza kwamba mtawa anayepokea nguo mpya arudishe ile ya zamani papo hapo, iwekwe katika chumba cha nguo kwa ajili ya maskini. Angalieni neno hilo, papo hapo. Nguo kuukuu ikilala kwetu usiku mmoja, kesho yake tumekwisha kuipatia sababu ya kukaa. Na tena nguo ile haitupwi. Ina mtu anayeingojea. Ni rahisi zaidi kuachana na kitu tukijua kinakwenda kwa nani.

Tatu, abati akague vitanda mara kwa mara, aone kama kuna kitu kilichofichwa. Lakini papo hapo Benedikto anaongeza kwamba abati ampe kila mmoja yote anayohitaji, naye anayataja moja moja: joho, kanzu, soksi, viatu, mshipi, kisu, kalamu, sindano, kitambaa cha mkono, vibao vya kuandikia. Alijua kwamba mtu huficha kwa sababu anaogopa kukosa. Kwa hiyo hakuondoa vitu tu. Aliondoa hofu pia.

Wala tusifikiri kwamba Benedikto alidharau vitu. Alimwagiza mtunza ghala aviangalie vyombo vyote vya monasteri kama vyombo vitakatifu vya altare, na abati awe na orodha ya zana zote. Waswahili nao husema: «Mali bila daftari hupotea bila habari.» Anayerundika vitu hawezi kuvitunza, jembe lake liko chini ya rundo, likiliwa na kutu, naye anakwenda kuazima la jirani.

Kanuni hiyo si ngeni katika Kongo. Mwaka 1910 Wabenedikto wa abasia ya Mtakatifu Andrea, karibu na mji wa Bruges katika Ubelgiji, walipewa kazi ya misioni ya Katanga, wakiongozwa na Padri Jean-Félix de Hemptinne, aliyekuwa askofu baadaye. Wakristu wengi wa Lubumbashi, mji ulioitwa zamani Élisabethville, walibatizwa au kufundishwa na watawa walioishi kwa sura hiyo ya 55.

Vipande vitatu vya dhahabu

Nimalize kwa habari moja ya kuhuzunisha. Aliisimulia Mtakatifu Gregori Mkuu, Papa tangu mwaka 590 mpaka 604, katika kitabu chake cha Majadiliano. Kabla ya kuwa Papa, Gregori aliigeuza nyumba ya ukoo wake, kwenye kilima cha Celio huko Roma, kuwa monasteri. Humo alikuwamo mtawa mmoja jina lake Justus, aliyejua sana udaktari. Gregori alipougua mara kwa mara, Justus ndiye aliyemtunza kwa bidii.

Siku moja Justus mwenyewe alishikwa na ugonjwa wa kufa. Ndugu walipopekua dawa zake, walikuta vipande vitatu vya dhahabu vimefichwa humo. Vitatu tu! Gregori alihuzunika mno. Aliwakataza watawa wasimwendee, ili uchungu wa kuachwa umletee majuto. Justus alijuta kweli, akafa. Wakamzika penye jaa, na dhahabu yake wakaitupa juu yake.

Baada ya siku thelathini Gregori alimhurumia. Akaagiza itolewe Misa kwa ajili yake kila siku, muda wa siku thelathini bila kukosa. Wakaendelea bila kuhesabu siku. Usiku mmoja Justus alimtokea Copiosus, ndugu yake wa damu, akamwambia kwamba mpaka siku ile alikuwa vibaya, na sasa yu salama. Ndugu wakahesabu, wakaona ilikuwa siku ya thelathini ya Misa. Ndiyo asili ya Misa za Mtakatifu Gregori, ambazo Wakristu wanaziomba kwa wafu wao hata leo.

Nimeifikiri sana habari hiyo. Dhahabu ya Justus haikumnunulia chochote. Hakuila, hakuivaa, hakuitumia. Ilimfaa kwa jambo moja tu: kumtenga na ndugu zake. Na kilichomfungua hakikuwa kitu kilichotunzwa kwa ajili yake, bali sala.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu. Nilidhani namheshimu baba kwa kumtunzia kufuli zake. Miaka minne nilililinda sanduku, na katika miaka hiyo Misa nilizomwombea zilikuwa chache kuliko chupa nilizomwekea. Baba hakuhitaji chupa.

Jumamosi iliyofuata, mimi na mke wangu tulilitoa sanduku uani. Hatukumaliza siku ile. Kama Antoni, nilihitaji siku ya pili. Vipande vya baiskeli nilimpa fundi wa mtaani. Chupa walizichukua akina mama wanaouza mafuta. Rozari ya baba na kisu chake nimebaki navyo, maana vina kazi kila siku. Mashati tuliyachoma. Sanduku lenyewe limekuwa la nguo za watoto, na nguo mpya ikiingia, ya zamani inatoka siku hiyo hiyo.

Vikabaki viatu. Katika parokia yetu kuna mzee ambaye kwa miaka ile yote alikuja Misa miguu mitupu, hata siku za mvua. Alikaa benchi moja na baba yangu. Baba alimpenda. Naye hakuwahi kumwuliza kama vile viatu vinamtosha, wala mimi sikumwuliza. Siku ile nilivikunja mkononi, vikakatika.

Ndugu msomaji, usingoje vya kwako vikauke. Leo jioni, kabla ya sala ya usiku, inama utazame chini ya kitanda chako. Kisha ujiulize ni nani anayekingoja kitu kile.