Fasihi Pendwa Isiyo na Umma: Riwaya za Walowezi wa Nakuru na Mfano wa Australia

Istilahi ya fasihi pendwa ina mashaka yake. Katika uhakiki wa Kiswahili hutumiwa kwa kazi za mapenzi, upelelezi na visa vya kusisimua, na mara nyingi huambatana na dharau. Swali la nani anayependa, na sauti ya nani inayopendwa, huachwa kando. Historia ya jamii mbili za walowezi, moja ya Australia na nyingine ya Bonde la Ufa, inalirudisha swali hilo mahali pake.

Gazeti la The Bulletin lilianzishwa Sydney mwaka 1880, na punde likawaalika wasomaji wake walijaze wenyewe kwa tungo na visa. Humo ndimo walimokulia A. B. Paterson na Henry Lawson. Steele Rudd alifuata na On Our Selection (1899), masimulizi ya kuchekesha ya familia fukara iliyohangaika na shamba dogo. Kuanzia 1904 duka la New South Wales Bookstall lilitoa riwaya za jalada jepesi kwa shilingi moja, na C. J. Dennis alipochapisha The Songs of a Sentimental Bloke mwaka 1915, askari walikibeba kitabu hicho hadi vitani. Siri ya mafanikio haya haikuwa kipaji peke yake. Mkata manyoya ya kondoo na mswaga ng'ombe walikuwa wahusika wa tungo hizi, na ndio hao hao waliozisoma na kuzighani. Walikuwa vibarua waliopita shule, wenye vyama vyao, na waliogoma kwa kishindo mwaka 1891. Shairi lilitoka kwao likarudi kwao.

Kwa sura ya nje, Nakuru ilielekea kuwa Australia ya pili. Reli ilifika mwaka 1900. Mikataba ya 1904 na 1911 iliwahamisha Wamaasai kutoka malisho yao ya bondeni, Lord Delamere akapewa ardhi kubwa Njoro mwaka 1903, na sheria ya 1915 ikaruhusu walowezi kukodishwa ardhi kwa miaka 999. Kondoo wa merino waliletwa kwa meli, wakafa kwa wingi. Udongo ulikosa madini, na maradhi yaliyotokana na upungufu huo kwa mifugo yakaja kuitwa hata kwa jina la mji, Nakuruitis. (Wamaasai walikuwa wakiyakwepa malisho hayo, lakini hawakuulizwa.) Ukame, madeni, upweke wa mashambani: malighafi yote ya Lawson yalikuwapo. Palikuwa hata na gazeti, Kenya Weekly News, lililochapishwa Nakuru kwenyewe, ingawa hilo lilijulikana zaidi kwa kilimo na siasa za walowezi.

Kilichozaliwa ni kitu kingine. Riwaya pendwa za Kenya za miaka ya 1920, kama Kenya Mist (1924) ya Florence Riddell na zile za Nora K. Strange, zilikuwa riwaya za mapenzi zilizochapwa Uingereza kwa ajili ya msomaji wa huko. C. J. Duder alizichunguza mwaka 1991 katika jarida la African Affairs, na ni vyema kwamba kuna aliyekuwa na subira ya kuzisoma. Elspeth Huxley, ambaye wazazi wake walihamia Njoro, alikuwa na kalamu kali zaidi. Lakini alipoandika riwaya zake za upelelezi, kuanzia Murder at Government House (1937), naye alizitungia koloni ya kubuni, Chania, na msomaji wa mbali.

Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Detained (1981), aliwaona walowezi wa Kenya kuwa vimelea waliostarehe peponi bila kuzaa utamaduni wowote wa maana. Hukumu hiyo ni nzito na kwa sehemu kubwa ni ya haki, ila haielezi sababu. Uchache wa watu ni sehemu ya jibu: sensa ya 1921 ilihesabu Wazungu 9,651 katika koloni nzima, wakati Australia ilikuwa imevuka milioni tano. Sababu kubwa zaidi ni kazi. Njoro na Elburgon, aliyechunga, aliyelima na aliyekata manyoya alikuwa skwota, ambaye sheria ya 1918 ilimtaka amfanyie mlowezi kazi siku 180 kwa mwaka. Mlowezi hakuwa na wimbo wa kazi kwa kuwa kazi haikuwa yake.

Nyimbo zilikuwapo, kwa lugha ambazo mwenye shamba alizijua kwa kiasi cha kutoa amri tu. Muthirigu, ulioimbwa na Wakikuyu mwaka 1929 wakati wa mgogoro wa tohara ya wanawake na kuwadhihaki wamisionari na machifu, uliitia serikali hofu hata ikaupiga marufuku mwaka 1930. Baadaye maskwota wa Olenguruone, waliofukuzwa na kupelekwa Yatta kufikia 1950, walitunga nyimbo za kufukuzwa kwao, na Tabitha Kanogo amezitumia kama ushahidi wa kihistoria katika kitabu chake cha 1987 kuhusu maskwota. Kwa kipimo chochote cha fasihi pendwa, yaani tungo za wengi, kwa ajili ya wengi, zinazosambaa bila kuhitaji kibali cha mchapishaji, hizi ndizo tungo pendwa za bonde.

Hata hivyo Australia isisifiwe kupita kiasi. Umma ule wa Lawson na Paterson ulionekana kamili kwa sababu wenyeji wa asili waliondolewa, kwanza kwenye ardhi na kisha kwenye shairi. Wanapotokea ni pembezoni, na sheria yenyewe iliendelea kuichukulia nchi kama iliyokuwa haina mwenyewe hadi hukumu ya Mabo ya 1992. Mwandishi wa Nakuru hakuweza kufuta namna hiyo. Mwafrika yumo katika kila chumba cha masimulizi yake: jikoni, zizini, mlangoni. Hapo ndipo thamani ya maandishi haya kwa mhakiki wa leo ilipo, hata yale dhaifu.

West with the Night (1942) ya Beryl Markham, aliyekulia Njoro, si riwaya, lakini inaonyesha jambo hilo waziwazi kuliko riwaya zote. Mtoto wa mlowezi anakwenda kuwinda na arap Maina. Rafiki yake wa utotoni ni Kibii, mwana wa arap Maina, na wanacheza kama walio sawa. Baada ya miaka Kibii anarudi akiwa mtu mzima, arap Ruta, kuja kumtumikia. Kitabu kinaitambua tofauti hiyo, kinaisikitikia kwa sentensi chache, kisha kinaendelea na farasi na ndege.